Uzi: Kupiga rangi chumba mkiwa wawili bila kufuta mtoko wa jioni

MsasaLaini

Wakuu, habari za wikendi. Uzi huu ni wa wale wanaoishi wawili, wako kazini wiki nzima, na kilichobaki ni Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili. Muda huohuo ndio wa kutengeneza nyumba na ndio wa kutoka pamoja. Wengi huishia kuchagua kimoja: ama chumba kinapigwa rangi na mtoko unafutwa, ama mnatoka na makopo yanakaa kwenye kona miezi sita.

Hakuna haja ya kuchagua. Kila kazi ya nyumbani ina saa ambazo mikono haina cha kufanya: puti inakauka, rangi inakauka, silikoni inakomaa, gundi inashika. Saa hizo ndizo za kutoka, na ratiba ianze kupangwa hapo.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, kuta zina rangi ya zamani iliyo nzima, mnapiga rangi ya maji.

Ijumaa saa 11 jioni. Samani zikusanywe katikati na zifunikwe nailoni. Zima umeme wa chumba hicho, kisha fungua vifuniko vya swichi na soketi. Usipake rangi kuzizunguka, mstari wake huonekana milele. Kwangua palipobanduka, jaza mashimo na nyufa kwa puti. Tundu lenye kina cha zaidi ya milimita 5 lijazwe kwa awamu mbili. Puti nene hukauka juu ikabaki mbichi ndani, halafu inanywea na kuacha kishimo ambacho utakiona siku taa ikiwaka pembeni yake. Kazi yote haizidi saa moja na nusu. Oga, tokeni. Mkirudi saa 5 usiku awamu ya kwanza imeshika; mnapitisha ya pili kwa dakika 10 na kwenda kulala chumba kingine.

Jumamosi saa 3 asubuhi. Msasa namba 120 kwenye puti, kisha 180 kwa wepesi ukuta mzima ili rangi mpya ipate pa kushika. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Praima (rangi ya msingi inayotangulia) kwenye madoa ya puti tu, la sivyo yatakula rangi na kubaki mabaka yasiyong'aa sawa na ukuta. Saa 6 mchana mkono wa kwanza (yaani tabaka la kwanza la rangi), saa 8 mmemaliza, saa 9 brashi zimeoshwa. Jioni ni yenu.

Jumapili saa 4 asubuhi mkono wa pili.

Dari likihusika, lipigwe kabla ya kuta, na hapo ongeza nusu siku.

---

Kona90

Umefanya vizuri kutenganisha mikono miwili, lakini makopo mengi ya rangi ya maji yanasema saa 4 kati ya mkono na mkono. Ukimaliza saa 8 mchana, saa 12 jioni unapiga wa pili na Jumapili nzima mko huru. Kwa nini uiburuze kazi hadi siku ya pili?

---

MsasaLaini

Kona90, saa 4 za kwenye kopo ni za chumba chenye joto la wastani na hewa inayopita. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, au joto likishuka kuelekea nyuzi 10, muda huo unaongezeka sana. Mkono wa pili ukipanda juu ya ambao haujakauka, rola inauvuta wa chini na kuubandua vipande vipande.

Sababu kubwa zaidi ni mwanga. Mkono wa pili ndio utakaoonekana kwa miaka, na chini ya balbu moja ya katikati ya dari huoni ulipopita na uliporuka, hasa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Mchana dirisha linamulika ukuta kwa ubavu na kila kasoro inajitokeza. Tena saa 12 jioni mabega yameshachoka, na mtu aliyechoka huikandamiza rola ili imalizie rangi iliyobaki. Ukikandamiza, kingo za rola zinaacha michirizi miwili kama reli.

---

PimaMaji

Niongeze hesabu, maana safari ya ghafla ya dukani saa 7 mchana ndiyo inayoua ratiba.

Chumba cha mita 4 kwa 3: mzingo ni mita 14. Kimo mita 2.7. Zidisha: mita za mraba 37.8. Toa mlango (0.9 kwa 2.1, karibu 1.9) na dirisha (1.5 kwa 1.2, yaani 1.8). Inabaki takriban 34. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini uliokwisha pigwa rangi hufunika mita za mraba 10 hadi 12. Tumia 10. Mikono miwili ni mita 68, kwa hiyo lita 7. Ukuta wenye mikwaruzo ya plasta hula zaidi. Hesabu mita 6 hadi 8 kwa lita.

Mkinunua makopo zaidi ya moja ya rangi iliyochanganywa kwa mashine, yamimineni yote kwenye ndoo moja kubwa mkoroge. Makopo mawili yenye namba ileile yanaweza kutofautiana kidogo, na ukibadilisha kopo katikati ya ukuta tofauti hiyo itasimama hapohapo. Mkikosa ndoo kubwa, badilisheni kopo kwenye kona ya chumba.

Plasta mpya ya saruji iachwe wiki 4 kwanza. Bado ina maji na ukali wa saruji, itasukuma rangi nje. Baada ya hapo mkono wa kwanza uongezwe maji kidogo kwa kipimo cha kwenye kopo, ili uzame ndani badala ya kukaa juu kama ngozi ya maziwa.

---

TaaHafifu

Naomba kuuliza wataalamu. Wawili wakibishana kuhusu rangi yenyewe, mmoja anaona ni ya kijivu, mwingine anaona ya zambarau, nani yuko sahihi? Na namna ya kuamua kabla ya kununua lita 7?

---

PimaMaji

Wote wawili wako sahihi, dada. Kijivu nyingi zina chembe ya buluu au zambarau ndani yake, na balbu ndiyo inayoamua ipi itoke. Angalia boksi la balbu, namba yenye K ndiyo kipimo cha rangi ya mwanga: 2700K ni mwanga wa manjano, 4000K ni mweupe zaidi. Kijivu kilekile chini ya taa hizo mbili ni kama rangi mbili.

Nunueni kopo dogo la majaribio. Msipake ukutani. Chukueni kadibodi nyeupe ya sentimita 50 kwa 50, mikono miwili hadi ukingoni, iacheni ikauke kabisa kwa sababu rangi mbichi hudanganya. Isimamisheni ukuta wa dirisha, kisha ukuta unaotazama dirisha, mwangalie asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Kama chumba ni cha kukaa jioni, jibu la usiku lipewe uzito zaidi. Kipande kidogo cha katalogi hakitoshi. Rangi kwenye kuta nne hujirudia na kuonekana nzito kuliko kwenye karatasi.

---

BrashiMbili

Mimi nataka nikae kwenye mgawanyo wa kazi, maana watu wawili chumbani wanaweza kuharibu ukuta haraka kuliko mmoja.

Kosa la kawaida: mmoja anashika brashi, anakata kona zote za chumba kizima, yaani anapaka kingo ambako rola haifiki: dari, skatingi (ubao wa chini ya ukuta), mlango, dirisha. Inachukua saa nzima. Kisha mwingine anakuja na rola kujaza katikati. Rangi ikikauka mnaona fremu kuzunguka kila ukuta, kama picha iliyotundikwa. Mkanda wa brashi ulikauka peke yake, ukapata rangi mara mbili rola ilipopita juu yake, na unyoya wa brashi hauachi sura sawa na ya rola.

Dawa yake ni kwenda pamoja. Ukuta mmoja kwa wakati. Mwenye brashi ya milimita 50 anakata mkanda wa upana wa sentimita 5 hadi 7, na asimtangulie mwenye rola kwa zaidi ya mita moja. Mwenye rola anafuata wakati mkanda bado unang'aa kwa ubichi, anaipandisha rola hadi sentimita 2 au 3 kutoka kwenye dari ili ifute alama za brashi. Ukingo wa rangi usiachwe ukauke katikati ya ukuta. Simu ikilia, ilie. Mkifika kona ndipo mpumzike.

Tazama ukingo ule kwa karibu na utaelewa: rangi iliyotoka kwenye rola ina vipele vidogo vidogo na maji yake yanang'aa. Dakika chache baadaye mng'ao unaanza kufa kuanzia pembeni kwenda ndani. Rola ikirudi juu ya sehemu iliyokwisha kufa mng'ao, vipele vinapanda juu ya vipele, na hapo ndipo baka linapozaliwa. Ukiliona, liache. Kulirudia rudia ni kulikuza. Mkono wa pili utalimeza.

Rola ya manyoya ya milimita 10 hadi 12 inatosha ukuta laini. Lowesha maji, kung'uta, kisha ndiyo iingie kwenye rangi. Rola kavu inachukua rangi kwa mabaka. Anza na herufi W ya upana wa mita moja, ijaze, malizia kwa kupitisha kutoka juu hadi chini bila kukandamiza.

Na msibadilishane vifaa katikati ya ukuta. Mkono wa kila mtu una uzito wake. Mbadilishane kwenye kona.

---

Kona90

BrashiMbili, hiyo ya kutomtangulia zaidi ya mita moja nimeielewa, asante. Je, tepu ya karatasi ya kukinga kingo ibanduliwe lini? Kuna wanaosema ikauke kwanza.

---

BrashiMbili

Ibandue rangi ikiwa bado mbichi kidogo, dakika chache baada ya kumaliza ukuta huo wa mkono wa pili. Vuta polepole kwa pembe ya nyuzi 45, kuelekea upande ambao haujapakwa. Ukiiacha ikauke, rangi ya ukutani na ya juu ya tepu inakuwa utando mmoja, ukivuta inachana na kuacha meno kama ya msumeno. Kama mmeshachelewa, pitisheni kisu chenye makali mapya kwenye ukingo wa tepu kwanza, ndipo mvute.

Kati ya mikono miwili msioshe rola kama mnaanza tena kesho yake asubuhi. Ifungeni kwenye mfuko wa nailoni, mkamue hewa yote, mkaze mdomo. Itakaa usiku kucha. Hapo mmeokoa dakika 15 na ndoo mbili za maji kabla ya mtoko.

---

FunguoMezani

Wakuu, mmezungumzia kukauka tu. Mimi naomba tuzungumzie nyumba yenyewe inapobaki peke yake jioni ile. Hili halina mchezo.

La kwanza ni vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yale yanayotumika kung'arisha mbao, pamoja na vanishi nyingi za mafuta. Mafuta hayo hayakauki kwa maji kuondoka, hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo unatoa joto. Kitambaa kilichokunjwa au kurundikwa kwenye pipa kinalishika joto ndani, linapanda saa baada ya saa, na kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti wala cheche. Na saa hizo ndizo mko nje mnastarehe. Vitandazeni nje kimoja kimoja juu ya kitu kisichoungua hadi vikakamae, au vitumbukizeni kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Kabla ya kuoga, si baada.

La pili, kama ni rangi ya mafuta au kuna thina: madirisha wazi muda wote wa kazi, hakuna moto wala sigara karibu, makopo yafungwe kwa kugonga kifuniko kuzunguka. Rangi ya mafuta inataka saa 16 hadi 24 kati ya mkono na mkono, na usiku wa kwanza msilale chumba hicho.

La tatu, chaja za drili zichomolewe. Waya wa kuongezea umeme pia.

La nne, mabomba. Kiungo kipya cha bomba kisipimwe kwa kufungulia maji na kuondoka. Fungulieni, kausheni kiungo kwa karatasi, subirini saa nzima, pitisheni karatasi nyingine kavu. Ikitoka na hata tone, au kama saa nzima haipo, fungeni koki kuu ya nyumba ndipo mtoke.

---

TaaHafifu

Asante sana FunguoMezani, hilo la vitambaa wengi hatulijui. Vipi kazi ya bafuni, silikoni kuzunguka beseni la kuogea? Inaweza kuingia kwenye jioni moja?

---

FunguoMezani

Ndiyo, na ni kazi nzuri ya kabla ya mtoko mrefu, kwa sharti moja: wote muwe mmeshaoga. Baada ya hapo bafu halitumiki kwa saa 24.

Silikoni ya zamani itoke yote. Mpya haishiki juu ya ya zamani, hata utando mwembamba usioonekana unatosha kuiharibu, na maji yatapita hapo kimyakimya. Kata kwa kisu juu na chini ya mkanda, vuta, kwangua masalia, sugua kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Bandika tepu juu na chini mkiacha nafasi ya milimita 6 hivi.

Beseni likiwa ni la kujaza maji, lijazeni kwanza. Uzito wa maji unalishusha kidogo na kuufungua mwanya. Ukiziba likiwa tupu, siku ya kwanza mtu akioga mkanda unavutika na kuachia. Maji yabaki humo hadi silikoni ikomae. Nyumba yenye mtoto mdogo msifanye hivi mkaondoka. Mlango wa bafu ufungwe kwa ufunguo, au kazi ingoje siku ambayo mtoto hayupo.

Hapa watu wawili wana faida kubwa. Mmoja anasukuma bunduki ya silikoni kwa mwendo mmoja bila kusimama, mwingine anafuata nyuma kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni, na tepu inang'olewa papo hapo. Ngozi ya juu inaanza kujifunga ndani ya dakika 5 hadi 20. Ikishafunga usiiguse tena.

---

Kona90

Na rafu ya vitabu ukutani? Kuna dakika 90 tu kabla ya kutoka.

---

PimaMaji

Inatosha kwa rafu moja kama ukuta ni wa tofali na vifaa viko tayari tangu jana. Usitoboe juu, chini wala ubavuni sambamba na swichi au soketi. Nyaya hupita kwenye njia hizo. Weka alama ya bano (kishikizo cha rafu) la kwanza, toboa, funga skurubu bila kukaza. Mmoja ashike ubao na pima maji, mwingine aweke alama ya bano la pili. Msipime kutoka sakafuni, sakafu nyingi hazina usawa.

Plagi (kile kibomba cha plastiki kinachoingia tunduni kushika skurubu) ya milimita 6 inataka tundu la milimita 6 na skurubu ya 4 hadi 5. Kina kiwe urefu wa plagi kuongeza milimita 5 hadi 10, maana vumbi hubaki chini ya tundu. Zungusha tepu kwenye keekee kama alama ya kina. Mwenza ashike mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi chini ya tundu, mtaokoa dakika 20 za kufagia. Plagi ikizunguka pamoja na skurubu, tundu limepanuka: weka plagi kubwa zaidi, usijaze njiti.

Mbao za chembechembe za milimita 16 zisipitishe sentimita 60 kati ya bano na bano. Mita moja ya vitabu hufika kilo 20 na kuzidi, na ubao ukishapinda haurudi. Ukuta wa gipsamu una plagi zake maalumu, usitumie hizi.

---

MsasaLaini

Nirudi kwenye saa, maana wengi wanakosea mwishoni. Onyesho likianza saa 1 na nusu usiku na njia ni dakika 40, mlangoni mtoke saa 12 na dakika 40. Kuoga watu wawili waliopiga rangi na kuvaa ni dakika 75. Kusafisha vifaa na kukagua yale ya FunguoMezani, dakika 45. Kwa hiyo kazi inakoma saa 10 na dakika 40, na hatua yoyote isiyoweza kuisha kabla ya hapo isianzwe. Ukuta ulioachwa nusu una ukingo uliokauka, na ukingo huo mtauona kila siku.

Rangi ya maji ngozini hutoka kwa sabuni na maji vuguvugu ikiwa mbichi. Iliyokauka ipake mafuta ya kupikia, subiri dakika 5, sugua, kisha sabuni. Silikoni ifutwe kwa karatasi kavu kwanza, maji huitawanya. Nywele zifunikwe tangu asubuhi, hasa siku ya dari.

Mtoko wenyewe muulinganishe na kazi. Baada ya dari, shingo na mabega hayataki kukaa safu ya mbele mkiangalia juu. Chagueni viti vya nyuma, au matembezi ya polepole. Baada ya siku ya kupiga magoti kwenye skatingi, msisimame saa tatu. Na orodha ya vitu vya kununua kesho iandikwe ibandikwe mlangoni kabla hamjatoka, isije ikawa ndiyo mazungumzo ya meza nzima.

---

TaaHafifu

La mwisho kutoka kwangu: mkono wa pili umeisha Jumapili saa 6 mchana. Samani zinarudi lini?

---

BrashiMbili

Jumapili jioni sogezeni vilivyo vyepesi, viacheni sentimita 10 kutoka ukutani. Kabati na kitanda visubiri Jumatatu. Vifuniko vya swichi virudi rangi ikikauka kabisa, umeme ukiwa umezimwa, skurubu zisikazwe kupita kiasi kwani plastiki inapasuka. Picha na kioo visiegemezwe ukutani wiki ya kwanza, vitaganda na kung'oa rangi. Kuta zisifutwe kwa maji hadi zipite wiki 2 hadi 4. Rangi iliyobaki itieni kwenye chupa ndogo ijae hadi juu ili hewa isikae, mwandike namba ya rangi, chumba na tarehe.